Ujamaa, soko huria na bonde la Rufiji: nani anaamua?

Katiba yetu, ibara ya 3, inasema Tanzania ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa, yenye mfumo wa vyama vingi. Lakini korosho za Kibiti zinauzwa mnadani na mnunuzi mwenye bei nzuri ndiye anayezichukua. Sasa sisi ni wajamaa au ni watu wa soko?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Itikadi inahusu mali: ardhi na mazao yawe ya nani, kwa faida ya nani. Ujamaa unasema njia kuu za uchumi ziwe za wote. Ubepari unasema mwenye mtaji amiliki na soko lipange bei. Mfumo wa utawala ni swali jingine: nani anaamua, na usiporidhika unakwenda wapi?

Huku kwetu tumeyaona yote mawili.

Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, Tanzania Bara ikiwa na chama kimoja tu, TANU. Mwaka uliofuata mto ulifurika vibaya, na ikaja Operesheni Rufiji. Watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Nia ilikuwa kuwaepusha na maji na kuwasogezea shule, zahanati na visima. Lakini mashamba ya mpunga na ya mlau yalibaki bondeni, kwenye rutuba inayoletwa na mto. Mkulima ikambidi atembee mwendo mrefu, au alale kwenye dungu akilinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani. Asiyekubali hakuwa na chama kingine cha kumsemea.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na uchumi ulikuwa umeshaanza kufunguliwa kwa wawekezaji. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi wa kampuni moja kufuga kamba katika delta, kwenye eneo la takriban hekta 10,000, ingawa wataalamu wa mazingira walishauri ukataliwe. Hapo ndipo watu wa delta wanapovua, wanapolima mpunga na wanapotegemea mikoko. Safari hii walipata mawakili, wakafungua kesi Mahakama Kuu, na magazeti yakaandika. Mwishowe mradi haukutekelezwa.

Tukilinganisha, itikadi zilikuwa tofauti, lakini uamuzi ulitoka juu mara zote mbili. Mara ya kwanza kwa jina la maendeleo ya wote, mara ya pili kwa jina la uwekezaji. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1997 mwananchi alikuwa na mahali pa kupeleka pingamizi lake.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha tena nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, na suala la kuhama bondeni limerudi. Safari hii ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, awe na kadi ya chama chochote au asiwe nayo.

Nguvu hiyo ina mipaka. Ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Ikitakiwa kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji na ikazidi hekta 250, neno la mwisho ni la Waziri, baada ya kupokea maoni ya kijiji. Maoni hayo yanatoka kwenye mkutano, na mkutano usipoitishwa hayapo.

Kwa kawaida mkutano mkuu hufanyika kila miezi mitatu. Muulize mwenyekiti au mtendaji wako lini ulifanyika mara ya mwisho, na uombe kusomewa muhtasari. Kama ardhi ilijadiliwa, inapaswa kuwa imeandikwa humo.