Songea: Kitalu chauza ukoka, mwenye nyumba alipa maji

SOKO la miche mjini Songea hufuata mvua. Mvua za kwanza zikinyesha, Novemba au Desemba, wanunuzi hujitokeza. Zikikatika kuelekea Mei, biashara hulala. Msimu ni mmoja tu kwa mwaka. Mwenye kitalu aliyekosea kuchagua aina ya miche husubiri mwaka mzima kujisahihisha.

Na makosa yapo. Vitalu vingi vinafuata mtindo wa Dar es Salaam: ukoka wa pasipalamu, miashoki ya kupanga langoni kama askari wa gwaride, maua ya kumwagilia asubuhi na jioni. Mwenye kiwanja kipya cha Msamala au Mjimwema huanza kwa kukata msuku, mbula au mninga alioukuta umesimama, halafu huenda kununua mche wa kivuli. Anatupa mali ya bure na kulipia nyingine ambayo kivuli chake kitachelewa miaka.

Gharama kubwa zaidi huja baadaye, kwenye ankara ya maji. Bustani ya ukoka ya mita 10 kwa 10, ikipewa maji ya kina cha milimita 5 kwa siku, inakunywa lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Kwa mwezi ni yuniti 15. Kuanzia Juni hadi Oktoba, miezi mitano ya ukame, ni yuniti 75 zilizomwagwa chini ili nyasi zisigeuke rangi. Mwenye nyumba ya kupangisha apige hesabu hiyo kwa bei iliyo kwenye ankara yake mwenyewe.

Atakayejibu kwamba Songea si jangwa atakuwa amesema kweli. Mji hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma haifiki 600 katika miaka mingi. Lakini miezi mitano bila mvua ni miezi mitano. Las Vegas, Marekani, ambako jangwa ni la kweli, mamlaka ya maji ilianza mwaka 1999 kuwalipa wakazi ili wang'oe ukoka, na sheria ya jimbo ya mwaka 2021 imepiga marufuku kumwagilia nyasi za pambo tu kwa maji ya mto Colorado kuanzia 2027, isipokuwa za makazi binafsi. Huko marufuku ilisubiri mpaka bwawa likapungua. Songea inategemea milima ya Matogoro, chanzo cha mto Ruvuma na mto Luhira, na haina sababu ya kusubiri hivyo.

Mkaratusi una soko la nguzo na hakuna anayeupinga shambani. Ukipandwa kwenye kiwanja kilicho bondeni ni jambo jingine: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60.

Kwa nini basi miti ya asili haiuzwi? Sababu ni ya kibiashara. Mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukikua chini. Mteja asiyeelezwa hudhani umekufa na kurudi kudai fedha zake. Msuku una dume na jike, na ukioteshwa kwa mbegu unaweza kupita miaka 10 bila tunda. Hapo ndipo penye faida. Msuku uliobebeshwa kikonyo cha mti jike unaozaa vizuri huanza kutoa matunda katika miaka minne hivi, na kubebesha si elimu ngeni mkoani: wakulima wa korosho wa Tunduru wanaijua. Udongo wa kitalu uchanganywe na ule wa chini ya msuku mkubwa, kwa kuwa mizizi yake huhitaji kuvu wa humo.

Mwekezaji mdogo asiuze ukoka wote alionao kesho. Atenge tuta moja. Mbegu na vikonyo achukue kwenye mashamba ya watu kwa makubaliano, kwa sababu Matogoro ni hifadhi na huko huingiwa kwa kibali. Masuku yenyewe yana wateja wake tayari. Kinachokosekana ni anayeuza mche.