Swali la Mkulima Si Uchochezi

Wapo watumishi miongoni mwetu ambao kila wasikiapo sauti ya kuuliza hukimbilia neno "uchochezi". Tuchukue mfano wa mkulima wa kahawa wa Iyula, wilayani Mbozi. Asimame katika mkutano mkuu wa kijiji, ataje jina lake, atake kusomewa mapato na matumizi ya michango ya darasa. Ofisa wa aina hiyo atamwambia kwamba anachafua hali ya hewa. Mwalimu akimuunga mkono mkulima, ataonywa kuwa si kazi yake.

Si kazi ya nani? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu kuwa chombo kikuu cha kijiji, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Ibara ya 18 ya Katiba yampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Wala jambo hili si geni katika Chama. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, kifungu cha 15, ulikwisha wakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Anayemnyamazisha muulizaji leo hana pa kujificha ndani ya historia yetu.

Lakini ofisa huyo huyo, hodari wa kukemea swali la hadharani, mara nyingi ni bubu mbele ya neno la gizani. Katika mkoa wa Songwe wamepita waganga waitwao lambalamba, ambao kazi yao ni kunyoosha kidole na kusema fulani ni mchawi. Bibi kizee aliyetajwa hana shahidi wa kumhoji wala hesabu ya kukagua, na akikana huambiwa kwamba kukana kwake ndiyo dalili. Akichomewa nyumba, wale waliotia maneno yao hawaonekani. Uhuru wa maoni haukuwekwa kwa ajili ya jambo hili. Ibara ya 30 ya Katiba hiyo hiyo imesema wazi kwamba haki ya mmoja isitumike kuvunja haki ya mwingine.

Serikali nayo iliwahi kuteleza hapa. Machi 2009, wakati ndugu zetu albino walipokuwa wakiuawa, wananchi wa Kanda ya Ziwa walitakiwa kuandika kwa siri majina ya watu waliowashuku. Uchungu ulikuwa wa haki na nia ilikuwa njema. Hata hivyo, karatasi isiyo na jina la mwandishi yaweza kubeba ugomvi wa mpaka wa shamba kwa urahisi ule ule inavyobeba ushahidi.

Linganisha na mwaka 1991, Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi nzima ikiuliza kama tubaki na chama kimoja. Hakukuwa na suala lenye utata kuliko hilo. Wengi, yapata wanane katika kila kumi, walitaka kimoja kibaki. Wachache walisimama wakasema hapana. Tume ikashauri njia ya wachache, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Nchi haikuvunjika kwa sababu watu walisema mambo mazito hadharani, wakajibiwa hadharani.

Basi mpaka uko hapo, ndugu walimu na watumishi, wala hauko katika ukali wa maneno. Msemaji ajulikane, na anayesemwa apate nafasi ya kujibu. Swali la mkulima wa Iyula limetimiza yote mawili, hata kama limemtoa mwenyekiti jasho. Kidole cha lambalamba hakijatimiza hata moja, hata kama kijiji kizima kimeshangilia.

Mtendaji wa kijiji anao wajibu mwepesi kabisa: asome hesabu kabla hajaombwa. Na pale mwananchi anapouliza, aandike katika muhtasari jina la muulizaji, swali lenyewe, na jibu alilopewa. Kisha ausome muhtasari huo mkutano ujao, watu wote wakisikia.