Kanisa Lisilo na Kipaza Sauti

Hapa Maskati joto limeanza kupungua, na jioni tunaweza tena kutoka na watoto.

Leo namjibu dada mmoja anayejiandaa kumfuata mumewe huku. Ameniuliza: "Oman kuna kanisa? Na kama lipo, lina kazi gani zaidi ya kusali?"

Lipo, dada. Ruwi kuna kanisa Katoliki la Watakatifu Petro na Paulo, na Waprotestanti wana lao, kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani Qaboos. Ghala kuna mengine. Ibada kubwa ni Ijumaa, kwa sababu Jumapili tuko kazini. Katiba ya nchi inalinda ibada zetu, ila mipaka ipo: tunasali ndani ya uzio, hatuhubiri barabarani, na hatuchangishi watu fedha bila kibali.

Mimi nimekulia Moshi. Kwetu kanisa lina hospitali, lina shule, na maaskofu wakikerwa na mambo ya nchi huandika waraka. Ule wa Kwaresima ya 2018 mnaukumbuka, ulivyozungumzwa kila kijiwe. Kwa hiyo nilipofika huku niliona kanisa la Maskati kama mtu aliyefungwa mdomo.

Ijumaa moja mwaka jana tulimkuta getini binti wa kwetu Afrika Mashariki, mfanyakazi wa ndani. Ametoka kwa mwajiri wake na mfuko wa plastiki tu. Pasi ya kusafiria alinyang'anywa, na mshahara wa miezi miwili hajaupata. Nikasema twende naye kwangu, na tupitishe bakuli tumkatie tiketi.

Mzee wa kanisa akakataa yote mawili. "Mama, ukimficha kwako, kesho ataitwa mtoro, na wewe utaitwa aliyemficha mtoro. Unamwongezea kesi."

Nilikasirika. Nikamwambia kanisa la namna hiyo afadhali lifungwe. Hakunijibu. Alimpigia simu ofisa wa ubalozi wa binti, akamletea chakula, akaketi naye ofisini pamoja na kina mama wawili hadi jioni, ofisa alipokuja kumchukua. Mwenyewe alikuwa na wageni nyumbani siku ile.

Ikabaki pasi. Kiarabu changu ni cha sokoni, basi nikamwendea bibi jirani yangu. Ni Mwarabu wa Unguja, aliondoka huko baada ya 1964, na Kiswahili chake kinanifunza mimi. Nikamwambia, "Shikamoo Bibi, nina shida, lakini ni shida ya kanisani kwetu." Akacheka. "Marahaba mwanangu. Mimi nimefundishwa kusoma na masista, pale Minara Miwili. Walinifunza na kudarizi. Hakuna siku waliyoniambia niache dini yangu. Lete simu."

Alizungumza na mke wa mwajiri kwa nusu saa, kwa heshima, mtu mzima kwa mtu mzima. Siku ya pili pasi ikafikishwa ubalozini, na begi la nguo juu. Baada ya wiki tatu binti alikuwa kwao.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza na kusoma habari za Wakristo wa hapa. Peter Zwemer, mmisionari wa Kimarekani, alifika Maskati 1893. Mwaka 1896 alikabidhiwa watoto 18 wa Kiafrika waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, akawapa makazi na shule. Watoto wa pwani na bara yetu, dada, kwenye mji huu huu ninaokuandikia. Alifariki miaka miwili baadaye. Kisha wamisheni hao wakafungua hospitali Mutrah, na Daktari Wells Thoms akatibu watu hapo kwa miaka 30 hivi, hadi 1970. Wakati huo hospitali za serikali zilikuwa bado hazijajengwa, na aliyeumwa alikwenda kwa wamisheni. Baadaye hospitali hiyo ikaingia mikononi mwa serikali. Wazee wa hapa bado wanaitaja kwa wema.

Kwa hiyo kanisa la huku lina kazi, dada. Halina kipaza sauti, lakini lina mikono.

Sitakudanganya, hata hivyo. Mshahara wa yule binti haukulipwa mpaka leo. Kwetu ningetegemea mchungaji alitaje jambo kama hilo mbele ya watu. Hapa hakuna aliyelitaja, na kila Ijumaa nikipita pale getini linanichoma. Mzee wa kanisa naye nilimwomba radhi. Akaniambia, "Hata mimi linaniuma, mama. Lakini nikipiga kelele leo, wa kesho atakuja geti gani?" Sijapata jibu la kumpa.

Ukija, dada, njoo na nakala ya pasi yako na ya mkataba, na nyingine mwachie mama nyumbani. Namba ya ubalozi iandike kwenye karatasi, usiitegemee simu peke yake. Kisha uliza nani anaishi mlango wa pili, umsalimie mapema kabla hujawa na shida.

Nanyi wengine mlio ugenini, kanisa au msikiti wa hapo mlipo unamsaidiaje mgeni aliyekwama? Niandikieni, tutasomeana toleo lijalo.