Daftari la wiki: Hesabu ziko kwa nani?

Misisi, kusini mwa wilaya ya Fizi, mashariki mwa Kongo, ni mji wa dhahabu, na siku ya mshahara haipo kwenye kalenda yake. Mwenye kugharimia shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG, hununua mbao za kushikilia kuta, pampu ya kuvuta maji, mafuta na chakula. Wachimbaji huleta mikono yao. Mawe yenye dhahabu yakipatikana, gharama hukatwa kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe. Kabla ya hapo mtu anaweza kushinda shimoni miezi kadhaa, akila kwa mkopo wa yule yule atakayemlipa.

Ugomvi huanzia hapo kwenye kukata. Pampu ilinunuliwa kwa bei gani hasa? Mafuta yaliyokwisha kulipiwa mwezi uliopita, mbona yamerudi tena kwenye deni? Daftari ni moja, nalo liko mfukoni mwa PDG. Mizani nayo iko kwa mnunuzi, na katika masoko mengi ya dhahabu ya Kivu mawe ya kupimia huwa ni sarafu na vijiti vya kiberiti. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inawataka wachimbaji wadogo wajiunge katika vyama vya ushirika, na ipo idara ya serikali, SAEMAPE, ya kuwasaidia. Lakini chama ambacho wanachama wake hawaoni hesabu kinamwacha mchimbaji pale pale alipokuwa.

*

Mjini Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, anayefanya kazi dukani, kwenye duka la dawa au nyumba ya wageni huwa na maswali mengine. Kwa nini bosi analipa mkononi tu, bila karatasi? Kwa nini anayelipwa anatakiwa kutia sahihi mahali ambapo kiasi hakijaandikwa? Watu wakiuliza hivyo huambiwa wana roho mbaya au hawana shukrani. Si haki. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi hesabu ya maandishi kila anapomlipa, kwa hiyo anayeiomba anaomba kilicho chake.

Kuna pia mchezo wa dola. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama franka 920. Kufikia 2024 ilikuwa karibu 2,800. Chukua, kwa bei hiyo ya 2024, mtu mwenye mkataba wa dola 300. Bosi akiamua kumlipa kwa franka, tena kwa bei yake mwenyewe ya 2,500, mfanyakazi anaondoka na 750,000 badala ya 840,000. Franka 90,000 zimebaki kwenye droo, na kwenye daftari la bosi bado imeandikwa kwamba dola 300 zimelipwa.

Makato ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, yanaumiza zaidi kwa sababu hayaonekani mapema. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5, na mwajiri huongeza 13. Zile 5 zikikatwa zisifike kwenye mfuko, mwenyewe huja kugundua siku anapodai pensheni, nguvu zikiwa zimekwisha na bosi pengine amefunga duka.

*

Mabosi wa Baraka hawakuvumbua mambo haya. Kwa miaka mingi mishahara ya wanajeshi wa Kongo ilipitia mikononi mwa makamanda, na majina ya watu wasiokuwapo yakajaa kwenye orodha. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulioanza 2005, ulisaidia kuhesabu askari na kutenganisha njia ya amri na njia ya fedha. Kwa walimu, mwaka 2021 mkaguzi mkuu wa elimu na mkuu wa SECOPE, idara ya malipo yao, walihukumiwa Kinshasa miaka 20 ya kazi ngumu katika kesi ya shule na walimu hewa. Mwanzoni mwa 2023 ukaguzi mkuu wa fedha, IGF, ulitangaza kwamba watu 145,604 kwenye orodha za mishahara ya serikali walikuwa na namba za utumishi zisizo sahihi au za kubuni, na wengine 53,328 walikuwa wakishiriki namba moja na mtu mwingine. Wakati huo huo, kuna walimu wanaoingia darasani kila asubuhi na hawamo katika orodha ya malipo hata kwa jina moja.

*

Vita navyo huleta swali lake la malipo. Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, Februari 2025, benki zake zilifungwa. Pale benki isipofikika, mshahara hutumwa kwa simu, na kutoa fedha kwa wakala kuna ada. Ada hiyo ni ya nani, bosi au mfanyakazi? Iandikwe kwenye mkataba, pamoja na bei ya dola itakayotumika siku ya malipo.