Kufuli ya Mlango wa Ubavuni



Wapendwa waamini, Jumamosi iliyopita palikuwa na sherehe ya harusi katika ukumbi wa parokia yetu. Tulipopita kuwasalimu maharusi, tulikuta mlango wa ubavuni umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Tulipouliza sababu, mzee mmoja wa kamati alitujibu kwa heshima: “Baba, tumefunga ili wasio na kadi wasituingilie.” Jibu hilo lilikuwa na mantiki yake, kwani chakula kilikuwa kimepikwa kwa hesabu. Hata hivyo, usiku ule usingizi ulichelewa kutujia, maana tuliikumbuka Tabora.

Wengi wenu mtakumbuka kwamba mnamo 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitri, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Walikuwa wamekwenda disko toto kufurahia sikukuu. Hawakuwa walevi wala wagomvi. Walikosa hewa, wakakosa na nafasi ya kutoka.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: je, usalama wa watu katika kumbi za starehe, baa na klabu za usiku za katikati ya miji yetu unatuhusu sisi tunaokwenda kanisani? Wapo waamini wema wanaotuambia kwamba anayekwenda disko usiku wa manane amejitafutia mwenyewe. Tunawaomba waisome tena Injili ya Luka, sura ya 13, pale Bwana anapotaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anakataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Kukemea ulevi ni wajibu wetu, na tutaendelea kuukemea. Lakini mlevi naye ana haki ya kurudi nyumbani akiwa hai, ili apate kesho ya kutubu. Tena, katika baa hizo wamo wahudumu, wapiga muziki na walinzi wa mlangoni, ambao baadhi yao tunawakomunisha kila Dominika.

Historia ya maafa haya inafanana mno. Mjini Boston, Marekani, usiku wa 28 Novemba 1942, klabu iliyoitwa Cocoanut Grove iliungua, wakafa watu 492. Iliruhusiwa kupokea watu 460, lakini usiku ule waliokuwamo walikuwa kama 1,000. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa msukumano wa watu. Baadhi ya milango mingine ilifunguka kwa ndani, na mingine ilikuwa imefungwa ili wateja wasitoroke bila kulipa. Lililo chungu zaidi ni hili: mkaguzi wa zimamoto alikuwa amepita siku nane tu kabla ya moto huo, akaandika kwamba mambo ni mazuri.

Miaka zaidi ya 70 baadaye, mnamo 27 Januari 2013, klabu ya Kiss katika mji wa Santa Maria, Brazili, iliteketea baada ya fataki za wanamuziki kuwasha sponji ya dari. Waliokufa walikuwa 242, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, na walikufa kwa moshi wenye sumu. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu. Manusura walisimulia kwamba walinzi waliwazuia kwanza waliokuwa wakikimbia, wakidhani wanakwepa kulipa bili zao. Kati ya Boston na Santa Maria dunia ilibadilika sana, lakini kilichowazuia watu mlangoni kilikuwa kilekile, yaani hofu ya kupoteza fedha kidogo.

Na mlinzi asiyefundishwa anaweza kuwa hatari kuliko wagomvi wenyewe. Huko Chicago, mnamo 17 Februari 2003, walinzi wa klabu ya E2 walipuliza dawa ya pilipili ili kuamua ugomvi. Umati ulitaharuki, ukakimbilia ngazi moja nyembamba, na watu 21 wakafa kwa kulaliana. Klabu hiyo ilikuwa orofa ya pili, ambayo mahakama ilikuwa imekwisha kuamuru isitumike.

Ndugu waamini, tusidanganyike kwamba kinachokosekana kwetu ni sheria. Leseni za vileo hutolewa na mamlaka za serikali za mitaa, na Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa jeshi hilo uwezo wa kukagua majengo. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kutazama kwa wakati unaofaa. Ukumbi wa disko ukikaguliwa Jumanne saa nne asubuhi, utaonekana salama daima. Uendewe Jumamosi saa sita usiku, watu wahesabiwe, na mlango wa nyuma usukumwe kwa mkono kuona kama unafunguka. Idadi inayoruhusiwa ibandikwe mlangoni pakubwa, ili hata mteja aweze kuuliza. Nao mabaunsa wasiajiriwe kwa vifua vyao tu, bali wafundishwe namna ya kuwatoa watu nje.

Wenye baa watatuambia kwamba biashara ni ngumu na kodi ni nyingi. Tunawaelewa. Lakini kufungua kufuli hakugharimu kitu, na kama wezi wanahofiwa, awekwe mtu mlangoni badala ya mnyororo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije akailetea nyumba hiyo hatia ya damu mtu akianguka. Tuzingatie kwamba agizo hilo amepewa mwenye nyumba. Mgeni hakuulizwa alipanda darini kufanya nini.

Kwa hiyo tunawasihi ninyi mlio madiwani, maafisa biashara na wenye kumbi katika parokia hii: msitie sahihi karatasi ya jengo msiloliona likiwa limejaa watu. Sisi nasi tumeanza nyumbani. Kufuli ile sasa iko mezani kwetu, na katika kila sherehe kijana wa VIWAWA atasimama kwenye mlango wa ubavuni ulio wazi. Asiye na kadi akipenya na kula sahani moja ya pilau, parokia itailipa.

Mungu awabariki, na awape Dominika njema.