Kichwa kikubwa kiende ardhini, si chunguni

SHAMBA LA NYUMBANI
Na Elinami Mshana

Sokoni siku hizi vitunguu saumu vya aina mbili hukaa meza moja. Kuna vikubwa, vyeupe pe, vilivyonyolewa mizizi yote, vilivyosafiri kutoka China. Na kuna vyetu vya Mbulu, vidogo, bado vina udongo mizizini, na harufu yake hukufikia kabla hujaulizia bei.

Anayeanza bustani huchukua vile vya China akidhani ukubwa ndio ubora. Miezi ikipita anang'oa majani matupu, analaumu ardhi, na tuta linarudi kuwa la mchicha. Ardhi haina kosa. Punje unayopanda ni kipande cha mama yake. Kama mama alizoea baridi kali za mbali, mtoto atazidai hapa pia. Aliye Mbulu, Lushoto au Njombe, au kule Limuru na Nyandarua, atafute punje kwa mkulima jirani, iliyokwisha kuzoea hali ya hewa ya huko.

Nataja nyanda za juu kwa makusudi. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa joto huzuia kitunguu saumu kufunga kichwa sawasawa. Aliye pwani apande kwenye ndoo kwa ajili ya majani, ayakatie kwenye mchuzi, si haba. Asiuziwe ndoto ya magunia.

Kwenye ubaridi, tuta la mita 1 kwa 2 latosha kuanzia. Liinue ili maji yasituame, changanya samadi iliyooza vizuri, panda mwishoni mwa masika. Chambua kichwa siku ile ile ya kupanda, bila kumenya ganda la punje. Chomeka ncha ikitazama juu, kina cha sentimita 4 hivi, sentimita 10 kati ya punje na punje, 20 kati ya mistari. Hapo tuta linabeba mashina 100. Palilia kwa mkono, maana mizizi iko juu juu na majani yake membamba hayawezi kuyafunika magugu. Majani ya chini yakianza kukauka, acha kumwagilia. Baada ya wiki mbili hivi ng'oa, usioshe, anika kivulini pamoja na majani yake.

Sasa ndipo tunapoharibu. Vichwa vikubwa vinakwenda sokoni, vya kati vinaingia chunguni, vizuri vingine wanafungiwa wageni. Msimu ukifika tunapanda masalia, vidogo vilivyosinyaa. Punje ndogo huzaa kichwa kidogo, na virusi vinavyokaa ndani ya punje hurithiwa pamoja nayo. Misimu michache ya namna hiyo inamaliza mbegu nzuri, kisha tunalalamika kwamba mbegu ya zamani imechoka. Haikuchoka, tuliila.

Hebu tupige hesabu. Kichwa kimoja kina punje kama 10. Ukivuna vichwa 100, tenga 15 vilivyo vikubwa na vigumu kabla mtu hajaonja. Vifunge shada, vining'inize pakavu penye hewa. Wakati wa kupanda, zinazokwenda ardhini ni punje za nje zilizonenepa. Zile nyembamba za katikati ni za chungu. Tuta zima litajaa na za kufidia zitabaki, na familia bado ina vichwa 85 vya kula na kuuza. Ila usirudie tuta lile lile, wala lililotoka vitunguu maji, kwa sababu ukungu wa uozo mweupe hukaa udongoni miaka mingi.

Maafisa ugani na vikundi vya akina mama, nawaomba somo la kwanza liwe kuchagua mbegu. Mbolea na dawa zifuate. Na nyumbani, kabla ya kung'oa shina la kwanza, mkubaliane nani mwenye kauli juu ya vile vichwa 15. Awe yeyote, mradi neno lake liheshimiwe hata siku ya pilau ya sikukuu.