Mkulima Aulizwe Kabla Mbegu Haijachaguliwa

Kila tarehe 8 Agosti, Tanzania huadhimisha Sikukuu ya Wakulima, maarufu kama Nanenane. Mbegu mpya huoneshwa na mkulima huelezwa namna ya kuzitumia. Lakini je, alishirikishwa wakati sifa za mbegu hizo zilipokuwa zikiamuliwa?

Mtafiti hupima magunia kwa ekari. Mama wa kijijini hupima pia kuni za kuivishia maharage, majani yafaayo kuwa mboga na mahindi yatakayostahimili dumuzi ghalani. Jaribio likishindwa, mtafiti hupoteza msimu. Familia yenye ekari moja hupoteza chakula cha mwaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa maharage nchini Rwanda walianza kuwaalika wanawake waliosifika vijijini kwa ujuzi wa zao hilo, wakawatembeza katika mashamba ya majaribio ili wachague wenyewe. Hao hawakutazama mavuno pekee. Walitazama pia namna mmea utakavyostawi katikati ya migomba, kama ilivyo mashambani mwao. Aina nyingi walizochagua zilifanya vizuri walipozipanda nyumbani. Elimu ya mtafiti haikudharauliwa; ilipata mwenza.

Mwaka 1961, katika Waraka wake “Mater et Magistra”, Mtakatifu Yohane XXIII alifundisha kwamba wakulima wenyewe ndio wanaopaswa kuwa watendaji wakuu wa maendeleo yao kiuchumi, kijamii na kiutamaduni. Hapa ndipo inapoonekana kanuni ya auni: lile ambalo jumuiya ndogo inaweza kulitenda, wakubwa wasiipokonye, bali waisaidie kulitekeleza.

Ni kweli, ushirikishwaji unadai muda, nauli na uvumilivu. Tena upo ushirikishwaji wa jina tu: mkutano mmoja, sahihi na picha, ilhali maamuzi yamekwisha kupitishwa. Kipimo chake ni chepesi: je, neno la mkulima laweza kubadili mpango? Kama haliwezi, huyo amehudhuria tu, hakushirikishwa.

Wapendwa waamini, Jumuiya Ndogondogo za Kikristo hukutana kila juma, na wengi wetu humo ni wakulima. Kabla ya msimu ujao, kila Jumuiya iwateue wajuzi wake wa mbegu, wanawake kwa wanaume, waorodheshe sifa wanazozihitaji na kumfikishia afisa ugani. Mtafiti mwema ataipokea orodha hiyo kwa shukrani, kwa maana itamwepusha kutafuta majibu ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza.